Maji Yakishuka Wagenia: Mwongozo wa Kuangalia Ndege na Viumbe wa Mto, Februari na Machi

Kisangani hakuna majira ya machipuko. Mji uko kama nusu digrii kaskazini ya Ikweta, joto linachezacheza kwenye nyuzi 25 mwaka mzima, na mvua ya mwaka hufika milimita 1,800 hivi. Miti yetu haijapata kukubaliana siku ya kuvua majani wala siku ya kuvaa mapya. Lakini ziko wiki chache, kuanzia mwisho wa Januari hadi Machi, ambazo mtu anayependa viumbe wa maji asikubali zimpite. Mvua kubwa za mwisho wa mwaka zimekwisha, mto Kongo umeshuka, mawe ya maporomoko ya Wagenia yametoka nje na mgongo wa mchanga umeanza kuonekana katikati ya mto. Wiki hizo hizo ndege waliotoka Ulaya na Asia wanajiandaa kurudi. Kule watashangiliwa kuwa wameleta machipuko. Huku wanaondoka bila hata mtu kuwaambia kwaheri.

Mwongozo huu ni wa mkaaji wa Kisangani, au mgeni aliye na siku tatu nne za kukaa, ambaye hajawahi kwenda mtoni kwa ajili ya kutazama tu. Huhitaji gari. Unahitaji kuamka mapema, na subira.

Soma maji kwanza

Kosa la kwanza la wageni ni kupanga safari kwa tarehe. Mto wetu unapanda mara mbili na kushuka mara mbili kwa mwaka, kwa sababu unakusanya maji ya pande zote mbili za Ikweta, na mvua za pande hizo hazinyeshi kwa pamoja. Kawaida maji hujaa sana Novemba na Desemba, yanapungua Februari na Machi, yanapanda tena Aprili na Mei, halafu yanashuka katikati ya mwaka. Nasema kawaida, maana mwaka mmoja si ndugu wa mwingine. Ukifika mwishoni mwa Februari ukakuta maji bado yamefunika mawe, usiwalaumu ndege. Subiri wiki moja.

Namna rahisi ya kujua ni kumwuliza mvuvi. Wagenia, wavuvi wa maporomoko hayo, wana mawe yao wanayoyajua kama wewe unavyojua ngazi za nyumba yako: likitoka hili, maji yamefika hapa, likitoka lile, ukame umekolea. Uliza siku moja kabla, jioni, wakati mitumbwi inarudi. Na usiulize kama mkaguzi. Salimia kwanza, uliza habari za samaki, kisha habari za mto.

Kwenye mawe

Maporomoko ya Boyoma ni ngazi saba za maji zilizotapakaa kwa kilomita 100 hivi kati ya Ubundu na Kisangani, na ya Wagenia ndiyo ya mwisho. Kuanzia hapo Lualaba unaitwa Kongo. Kila mtu anakuja kutazama magogo yaliyosimikwa kwenye mawe na vikapu vikubwa vya kutegea samaki, na ni haki yao, kwa sababu hakuna uvuvi wa namna hiyo mahali pengi duniani. Wewe ukishamaliza kutazama vikapu, geuza macho utazame mawe yenyewe, yale madogo meusi yaliyo katikati ya povu, ambayo hakuna mtu anayeweza kuyafikia kwa miguu.

Tafuta ndege mdogo wa kijivu cha moshi, mwenye kola nyembamba nyeupe nyuma ya shingo, miguu myekundu na wekundu kidogo penye shina la mdomo. Anakaa juu ya jiwe kama aliyechongwa nalo. Ghafla anaruka, anazunguka juu ya maji akidaka wadudu, anarudi kwenye jiwe lile lile. Jina lake la kisayansi ni Glareola nuchalis. Sisi hatujampa jina linalojulikana na wote, nami nilipomwuliza mvuvi mmoja aliyekuwa akikaza kamba, alinijibu bila kuinua kichwa: "Papa, huyo ni ndege wa mawe. Kwenye miti hana kazi." Sijaona kitabu kilichomweleza vizuri zaidi.

Ndege huyu hajengi kiota. Anataga juu ya jiwe tupu, kwenye kishimo au ufa, na kwa hiyo maisha yake yote yamefungwa kwenye wiki hizi za maji machache. Mto ukirudi mapema, mayai yanakwenda na maji. Ndiyo sababu nasema uje sasa: Novemba nyumba yake iko chini ya mto, naye yuko mbali akitafuta mawe mengine.

Juu ya povu hilo hilo utaona mbayuwayu wa namna mbili, na ni muhimu uwatofautishe, maana mmoja ni mwenyeji na mwingine ni msafiri. Mwenyeji ana buluu iliyokolea mwili mzima, na doa jeupe kooni kama aliyemwagikiwa maziwa. Anapenda kutua kwenye vigogo vilivyokwama mtoni. Msafiri ana koo la rangi ya kutu, tumbo jeupe na mkia uliochanuka kama mkasi. Huyo tutarudi kwake.

Fika kabla jua halijawa kali. Mwezi Machi linachomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi, na baada ya saa 4 mwanga unaopiga juu ya maji utakuumiza macho na ndege wengi watakuwa wametafuta kivuli. Kutoka Makiso, katikati ya mji, baiskeli ya toleka au pikipiki itakufikisha mapema bila shida. Ukifika utaombwa pesa ya kuingia, pengine na zaidi ya mtu mmoja. Usigombane wala usilipe kila mkono unaonyooshwa. Omba kuonana na mzee wa mahali, patana naye bei moja kwa siku nzima mbele ya watu, kisha mwambie wazi kwamba utakaa saa tatu bila kufanya lolote. Hilo litawachekesha, nao watakuacha.

Kisiwa na mchanga

Mbiye ni kisiwa cha msitu chenye urefu wa kilomita 14 hivi, kipo upande wa juu wa mji, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani wamekuwa wakikitembelea kwa miaka mingi. Kina sehemu kavu, sehemu zinazofurika mto unapojaa, na sehemu za kinamasi ambazo hazikauki kabisa. Kwa maoni yangu, kama una siku moja tu, itumie huko.

Mtumbwi wa kupiga kasia ni bora kuliko wa injini. Injini inawafukuza ndege kabla hujawaona, na bei ya mafuta utailipa wewe. Chagua mpiga kasia aliyezaliwa upande huo, kwa sababu maji karibu na maporomoko yana hila, na mtu wa chini ya mji hayajui. Patana juu ya safari ya kwenda, kusubiri na kurudi, yote kwa pamoja. Kusubiri ndiko kunakosahauliwa, na ndiko kunakozaa ugomvi jioni. Vaa jaketi la kuelea hata kama utakuwa peke yako uliyelivaa. Simu na darubini ziwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo mawili.

Ukiwa njiani angalia kingo. Mdiria mweusi-mweupe ananing'inia hewani akipiga mabawa, kisha anajitupa kama jiwe. Mbizi anaogelea mwili wote ukiwa majini, shingo tu nje, ukadhani ni nyoka. Kwenye michikichi ya kingoni huenda ukamwona ndege mkubwa mweupe mwenye mabawa meusi na uso mwekundu ulio wazi. Ni jamaa ya tumbusi, lakini chakula chake akipendacho ni chikichi, sawa na wewe. Usimchanganye na furukombe, ambaye kichwa na kifua chake ni vyeupe lakini tumbo ni la kahawia, na ambaye sauti yake utaisikia kabla ya kumwona. Kasuku wa kijivu hupita asubuhi na jioni, wawili wawili au makundi madogo, wakipiga mbinja, wakienda haraka kama wenye miadi.

Sasa mchanga. Mafungu ya mchanga yanayotokea katikati ya mto ni vitanda vya uzazi. Huko hutaga ndege wa jamaa ya yule wa mawe, lakini mweupe zaidi, karibu rangi ya mchanga wenyewe. Huko pia hupumzika ndege wa ajabu kuliko wote wa mto, Rynchops flavirostris: mweusi juu, mweupe chini, mdomo wa rangi ya chungwa ambao nusu yake ya chini ni ndefu kuliko ya juu. Anaruka chini kabisa, ile nusu ya chini ikikata maji kama kisu kinavyokata kitambaa, na ikigusa samaki mdogo mdomo unafunga. Wasafiri wanaoshuka mto zaidi, kuelekea magharibi, watafute pia mbayuwayu wa Kongo, Riparia congica, mdogo wa rangi ya udongo, anayechimba mashimo kwenye kingo za mchanga. Makao yake ni mto Kongo na Ubangi tu. Mzungu tajiri mwenye darubini ya dola elfu mbili hana budi kuja kwetu.

Usishuke kwenye mchanga huo. Nasema kwa aibu. Mwaka mmoja nilishuka kunyoosha miguu, nikatembea hatua kumi hivi huku nikitazama juu, nikasikia kitu kimepasuka chini ya kiatu. Yai lilikuwa na madoa ya mchanga, limelala juu ya mchanga, na hata baada ya kulivunja ilinibidi niiname kuliona. Ndege wawili walikuwa wakinizunguka wakilia tangu nilipotua, nami nilidhani wananikaribisha. Tazama mchanga ukiwa ndani ya mtumbwi. Ukiona ndege anaburuta bawa mbele yako kama aliyevunjika, hajaumia; anakuvuta mbali na mayai yake. Rudi nyuma.

Kwenye matope

Kwa kinamasi cha msituni una hifadhi mbili zilizo karibu. Masako iko kilomita 14 kwenye barabara ya zamani ya Buta, ndani ya kona ya mto Tshopo. Yoko iko ng'ambo ya mto Kongo, upande wa Lubunga, kwenye barabara ya Ubundu, na ni kubwa zaidi, hekta 6,975. Zote mbili hutumiwa na chuo kikuu kwa utafiti, kwa hiyo pitia Kitivo cha Sayansi uulize utaratibu kabla ya kwenda; kutokea tu msituni na darubini shingoni ni kutafuta maswali. Mwenye siku nyingi ashuke mto hadi Yangambi, karibu kilomita 100, ambako hifadhi imetambuliwa na UNESCO tangu mwaka 1976.

Niseme ukweli ili usirudi na kinyongo. Wanyama wakubwa hutawaona. Msitu ulio jirani na mji wenye watu zaidi ya milioni moja umewindwa vizazi na vizazi, na ukitaka kujua kinachoishi humo, soko litakuonyesha haraka kuliko njia ya msituni: mamba mfupi wa msituni amefungwa mdomo kwa kamba, kenge, nyama ya moshi ambayo si rahisi kuitambua. Kinachobaki kwako ni alama. Nzohe, swala wa kinamasi, ana kwato ndefu zinazotanuka ili asizame. Nyayo zake kwenye matope ni kama vidole viwili vyembamba vilivyoachana. Fisi maji huacha kinyesi chenye magamba ya kaa na mifupa ya samaki juu ya gogo lile lile kila siku. Na ukisikia kitu kizito kikitumbukia mtoni kutoka kwenye matawi, huenda ni kima wa Allen, Allenopithecus nigroviridis, anayekaa kwenye misitu inayofurika, mwenye utando kidogo kati ya vidole, na ambaye akishtuka hujitosa majini badala ya kupanda juu.

Lakini vipepeo! Hapa ndipo wiki hizi za jua zinapolipa. Kwenye mchanga wenye unyevunyevu kando ya vijito, hasa pale mtu au mnyama alipokojoa, utawakuta kwa mamia wamejipanga, mabawa yamefungwa, wakinyonya. Karibu wote ni madume, na wanachotafuta ni chumvi. Lala kifudifudi uwaendee polepole kwa viwiko, hawatajali. Geuza darubini yako, tazama kwa upande wa nyuma ukiisogeza karibu kabisa na kipepeo: imekuwa kioo cha kukuzia, na hukulipa kitu.

Wasafiri

Turudi kwa yule mbayuwayu mwenye koo la kutu. Uzito wake ni gramu 20 hivi. Alifika kwetu mwishoni mwa mwaka akiwa amechoka, manyoya yamechakaa, na miezi yote ya kukaa huku amekuwa akibadilisha nguo. Mtazame Desemba: mkia mfupi, bawa lina mapengo. Mtazame Machi: mgongo unang'aa, zile nyuzi mbili za mkia zimerefuka. Nguo hizo ni za safari na za harusi. Atavuka msitu, atavuka Sahara, atavuka bahari, na atakapotua Ujerumani au Polandi mwezi Aprili watoto watasema machipuko yamefika. Manyoya hayo yameota kwa wadudu wa Afrika. Wao hawajui, na sisi hatudai.

Zamani hata wataalamu wa Ulaya hawakujua ndege huenda wapi baridi inapoanza. Wengine waliamini mbayuwayu hulala chini ya matope ya ziwa. Jibu la wazi lilikuja mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz, Ujerumani, alipopatikana korongo mweupe mwenye mkuki umemchoma shingo ukabaki humo. Mkuki ulikuwa wa Afrika ya Kati. Korongo huyo amekaushwa, na hadi leo yumo katika mikusanyo ya Chuo Kikuu cha Rostock.

Wasafiri wengine hawahitaji mtumbwi. Kitwitwi mdogo wa kahawia, mwenye tumbo jeupe, yuko kwenye kila ukingo wenye mawe, peke yake, akitikisa sehemu ya nyuma ya mwili bila kukoma. Kwenye viwanja vya mpira na popote palipo na majani mafupi, tafuta ndege mwembamba anayekimbia kwa miguu na kutikisa mkia. Desemba rangi yake imefifia, lakini ikifika Machi dume ana tumbo la manjano kama embe lililoiva. Ukiona manjano hiyo, jua amebakiza siku chache.

Saa nzuri kuliko zote ni jioni baada ya mvua kubwa ya kwanza inayofunga kipindi cha jua. Kumbikumbi wanatoka ardhini, watoto wanakimbia na mabeseni, na juu yao anga inajaa: mbayuwayu, mwewe, keremkerem, kisha giza likiingia, popo. Usiende popote jioni hiyo. Weka kiti barazani.

Mambo matatu ya kujihadhari

Kwenye maji yanayokwenda kasi ndiko usubi huzaliana, na usubi huuma mchana, nao ndio hueneza ugonjwa wa upofu wa mtoni. Wagenia na kwenye maporomoko ya Tshopo vaa suruali ndefu na soksi, na dawa ya kila mwaka inapogawiwa mtaani kwako, imeze.

Kamera ibaki mfukoni karibu na daraja, bandari, uwanja wa ndege na bwawa la umeme la Tshopo. Ndege mzuri kuliko wote akikaa juu ya ukuta wa bwawa, mwangalie kwa macho yako.

Usimguse mnyama uliyemkuta amekufa, hasa popo au nyani. Na usinunue kasuku, hata kwa huruma, hata yule anayeuzwa akiwa amekatwa mabawa na anakutazama. Tangu mwaka 2016 nchi zilizokutana chini ya mkataba wa CITES zimekubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini. Kila anayenunuliwa kwa huruma anaacha nafasi kizimbani, na nafasi hiyo itajazwa.

Daftari

Nimeweka hili mwishoni ingawa ni la kwanza kwa umuhimu. Mwaka 1913, huko Avakubi kwenye mto Ituri, Mmarekani kijana aitwaye James Chapin aliona unyoya asioufahamu kwenye kofia ya mtu. Aliuweka. Mwaka 1936, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa, wamebandikwa jina lisilo lao, wenye unyoya ule ule. Ndipo dunia ya sayansi ikamjua tausi wa Kongo, miaka 23 baada ya unyoya mmoja kuwekwa vizuri. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakimjua siku zote, na kumla pia.

Nunua daftari la shule. Kila siku andika tarehe, saa, mahali, hali ya maji, na ulichoona, hata kama ni mbayuwayu watano juu ya paa. Usiandike tu siku uliyoona kitu kigeni. Mbayuwayu wa kwanza ni rahisi kumjua. Wa mwisho humjui mpaka awe ameshaondoka, na atakayeweza kuitaja siku hiyo ni yule tu aliyeandika hata siku ambazo hapakuwa na la kuandika. Anza tarehe 1 Machi, usiache mpaka Aprili iishe.